Walt Disney asingezaliwa, katuni zingekuwepo? Jibu kwa kijana anayetaka kuweka shamba rehani

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, nipo Morogoro, nachora katuni na animesheni nimejifunza mwenyewe kwenye kompyuta. Baba mdogo ananiambia kila siku kwamba bila Walt Disney dunia isingekuwa na katuni wala zile bustani kubwa za michezo, na sisi huku tumekwama kwa sababu hajazaliwa mtu kama yule. Marehemu baba aliniachia ekari tatu karibu na barabara kubwa, nataka niziweke rehani benki nianzishe bustani yenye wahusika wangu, niwe Disney wa huku. Ila silali. Hivi ni kweli mtu mmoja ndo alileta vyote vile? Asingekuwepo ingekuwaje? Na nikishindwa, ina maana mimi sina kile alichokuwa nacho yeye?"*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa msiba wa baba. Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona umeuliza mambo mawili. La juu ni historia. La chini yake, hilo linalokunyima usingizi, ni kama wewe unatosha. Nitaanza na la juu, kwa sababu mimi nafundisha uchoraji na historia ya animesheni miaka mingi sasa na nimeona vijana wengi wanajipima kwa kipimo ambacho hata huyo Disney mwenyewe asingekifikia.

Katuni zilikuwepo kabla yake. Mfaransa Émile Cohl alionyesha ya kwake 1908, Walt akiwa mtoto wa miaka sita huko Missouri, Marekani, anacheza na kuku. Winsor McCay akaja na dinosaria wake anaitwa Gertie 1914, mnyama mwenye tabia kabisa, anadeka, analia akigombezwa. Na filamu ndefu je? Watu wengi wanaamini Snow White ya Disney ya 1937 ndo katuni ndefu ya kwanza duniani, sio kweli. Argentina Quirino Cristiani alitoa ya kwake 1917, bahati mbaya imepotea. Ujerumani mwanamama Lotte Reiniger alikaa na mkasi na makaratasi meusi akakata vivuli vya watu na farasi mpaka akapata filamu nzima ya mwana wa mfalme Ahmed, 1926, na hadithi aliitoa kwenye Alfu Lela Ulela, ileile bibi zetu wa pwani wanaijua. Hiyo ni miaka kumi na moja kabla ya Snow White. Kwa hiyo mwambie baba mdogo kwa heshima zote kwamba katuni zingekuwepo, tena hata ndefu zingekuwepo.

Sasa yeye alifanya nini? Hapa inabidi nikueleze vizuri, maana jibu la "angekuja mwingine tu" nalo ni la uvivu kama lile la baba mdogo.

1928 Walt alikuwa na mhusika anaitwa Oswald, sungura, anapendwa. Akaenda New York kumuomba msambazaji wake amuongezee hela, akakuta mambo mawili: haki za sungura sio zake, mkataba ulikuwa umeshaandikwa hivyo, alafu karibu wachoraji wake wote wameshachukuliwa kimyakimya. Aliyebaki naye wa maana ni Ub Iwerks, rafiki yake tangu Kansas City, na Ub ndo aliyekaa chini akachora yule panya Mickey, tena kwa kasi ya kutisha. Walt alitoa sauti ya Mickey na alimpa roho, ila mkono uliochora ni wa Ub.

Katuni mbili za kwanza za Mickey hazikupata mnunuzi. Ya tatu, Steamboat Willie, wakaamua kuiwekea sauti, na hapa nataka uangalie kwa karibu maana ni kazi yako hii. Filamu ya sauti inakimbia fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Ukitaka mguu wa mhusika utue kwenye mdundo wa ngoma lazima ujue mdundo unaangukia fremu ya ngapi kabla hujachora. Kijana mmoja wa studio, Wilfred Jackson, akaja na metronomu, kile kidude cha walimu wa muziki kinachogonga tik tik, wakapiga hesabu: mdundo ukija kila baada ya fremu 12 basi ni midundo miwili kwa sekunde. Wakachora kwa kufuata hiyo. Kufika New York kurekodi, bendi ikashindwa kwenda na picha, hela zikateketea. Walt akauza gari lake, wakarudia, safari hii kwenye filamu waliweka alama ya mpira unaoruka juu chini ili kiongozi wa bendi aufuate kwa macho. Ikakubali. Tarehe 18 Novemba 1928 watu wa New York wakaona filimbi na picha vinakwenda pamoja.

Lakini sauti hata hiyo haikuanza kwake, Max Fleischer alishatoa katuni za kuimba tangu 1924 na Paul Terry alitoa ya sauti mwaka huohuo wa 1928 kabla ya Mickey. Hollywood nzima ilikuwa inafunga spika kwenye kumbi. Kwa hiyo mimi hukumu yangu ni kwamba bila Walt sauti ingechelewa mwaka mmoja, miwili, basi.

Kitu ambacho nadhani kingechelewa sana, pengine miaka kumi au zaidi, ni shule. Simaanishi jengo. Kuanzia 1932 alimleta mwalimu wa sanaa Don Graham awafundishe wachoraji wake jioni baada ya kazi, watu wazima ambao tayari wanalipwa mshahara wa kuchora. Studio ikazoea kupiga picha michoro ya penseli na kuitazama kwanza kabla haijapakwa rangi, wakosoane, warudie. Ikazoea kubandika michoro ya hadithi nzima ukutani kwa pini, tukio kwa tukio, ndo hiyo leo kila mtu anaiita storibodi, hata anayepiga tangazo la sabuni. Na kuna zoezi moja lao natumia mpaka leo darasani: chora gunia la unga lililojaa nusu, alafu lipe furaha, lipe huzuni, lipe hasira. Halina macho, halina mdomo, una uzito tu na zile pembe nne. Mwaka mmoja binti mmoja darasani kwangu alichora gunia limeegemea ukuta, pembe mbili za juu zimelala mbele, tumbo limeshuka upande mmoja, hakusema neno, na darasa zima likakaa kimya kwa sababu kila mtu alijua gunia lile limefiwa. Hicho ndo kitu kilichotoka kwenye studio ile, kwamba mchoro una uzito na uzito una moyo. Wangekuja wengine wakakigundua? Naamini ndiyo, maana Gertie alishaonyesha njia. Ila kukifanya kiwe kitu cha kufundishika, kikapita kutoka mkono kwenda mkono, hapo alihitajika mtu mwenye ukaidi wa kuchoma hela zake kwenye masomo ya watu wengine.

Alafu kuna jambo la wale vijana wa Kansas City. Hugh Harman, Rudolf Ising, Friz Freleng, mwanamuziki Carl Stalling, wote walitoka mji ule au walipitia kwenye kazi za Walt, na baadaye haohao ndo waliojenga katuni za studio ya Warner. Ukimtoa Walt kwenye historia hutoi mtu mmoja, unang'oa mti na mizizi yake yote. Nadhani katuni za Marekani zingebaki New York, kwa akina Fleischer, zisingekuwa za kijijini sana, zingekuwa za mjini zaidi, na muziki wa jazi mwingi na vituko vya watu wazima, na pengine hadi leo neno katuni lisingebeba maana ya "kitu cha watoto". Nyingine zingekuwa nzuri sana. Asia nako: wale ndugu wa ukoo wa Wan wa Shanghai waliiona Snow White wakaamua China nayo itoe ndefu yake, ikatoka 1941, kijana Osamu Tezuka kule Japani akaiona hiyo ya China, akaziona na za Disney, na huyo ndo aliyekuja kuijenga animesheni ya runinga ya Japani 1963. Mnyororo wa namna hiyo ukikata pete moja hujui mwisho wake unaangukia wapi.

Na tusimpambe. 1941 wafanyakazi wake waligoma kwa sababu ya mishahara na kutotambuliwa, na yeye aliwachukulia kama wasaliti, baadaye 1947 akaenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuwataja baadhi yao kama wakomunisti. Wanawake wengi wenye vipaji waliishia kwenye chumba cha kufuatisha mistari na kupaka rangi. Dunia bila yeye ingekosa mambo, na watu wengine wangepumua, yote mawili ni kweli.

Tuje kwenye bustani sasa, ndo inayokuhusu. Tivoli pale Copenhagen ilifunguliwa 1843. Coney Island ya New York ilikuwa na Steeplechase 1897, Luna Park 1903, taa za umeme maelfu usiku. Uholanzi walifungua msitu wao wa hadithi, Efteling, 1952, miaka mitatu kabla ya Disneyland, bustani ya Walt, umebuniwa na mchoraji Anton Pieck kwa hadithi za watoto. Kwa hiyo hata bustani yenye wahusika wa hadithi haikumsubiri Walt.

Kipya cha Disneyland ya 1955 ni mkanda. Ule mkanda wa mashine ya kusaga, ukizungusha gurudumu moja mengine yanazunguka. Benki zilimkimbia, ndugu yake Roy aliogopa, Walt akakopa hata kwenye bima yake ya maisha. Mwisho runinga ya ABC ikaingiza nusu milioni ya dola na ikadhamini mikopo, ikapata karibu theluthi ya bustani, na Walt akaahidi kuwapa kipindi kila wiki. Kipindi kile kikawa kinaitangaza bustani ambayo bado ni mashamba ya michungwa. Mtoto anaona mhusika kwenye runinga, anataka kofia yake, anataka kwenda anapokaa, akitoka huko anataka filamu mpya. Saa za mkononi za Mickey zilikuwa zinauzwa tangu 1933, wahusika walikuwa wanajulikana miaka 27. Bustani ilikuwa gurudumu la mwisho la mkanda, Walt ana miaka 53. Naomba hapo pakae kichwani kwako.

Na pia hakuchagua kiwanja kwa sababu kilikuwepo. Alimlipa mtaalamu, Harrison Price, apige hesabu ya watu wanakoishi, hali ya hewa, barabara mpya inakopita, ndo wakaangukia Anaheim, California, ekari 160. Ujenzi mwaka mmoja, dola milioni 17. Siku ya kufungua, 17 Julai, joto kali, watu wameingia na tiketi feki, mafundi bomba walikuwa wamegoma kwa hiyo mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha, lami mbichi inanasa visigino vya viatu vya akina mama. Walinusurika kwa sababu walikuwa na hela na wahusika wa kuwavusha kwenye siku mbaya. Waliojaribu kuiga gurudumu la mwisho peke yake wengi walianguka: Freedomland ya New York ilifunguliwa 1960, kubwa, imesimamiwa na mtu aliyesaidia kujenga Disneyland yenyewe, 1964 ikafungwa.

Kuhusu sisi kukwama kwa sababu hatujapata mtu wetu, hapa nakataa waziwazi. Walt 1923 alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye kampuni yake ya kwanza ya katuni imefilisika. Aliyemkopesha dola 500 ni baba yake mdogo Robert, na gereji ya kuanzia ni ya huyohuyo baba mdogo. Aliyeshika vitabu vya hesabu maisha yote ni kaka yake Roy aliyewahi kufanya kazi benki. Mchoraji ni Ub. Walt alifariki Desemba 1966 na ile bustani ya Florida ilifunguliwa Oktoba 1971 na Roy, ambaye naye alifariki Desemba ileile ya 1971. Unaona? Tukisema "mtu kama Disney" tunataja jina moja juu ya kazi ya watu wengi. Nikikutana na baba mdogo wako nitamuuliza kama yupo tayari kuwa Robert.

Na hatujakwama kiasi hicho. Katuni za Tinga Tinga Tales zilitengenezwa Nairobi kwa mtindo wa rangi aliouanzisha Edward Tingatinga Dar es Salaam. Ubongo Kids ilianza Dar 2014 ikavuka mipaka. Upande wa lugha, watu wananiuliza sana kama Disney wamenunua Kiswahili. Filamu ya simba ya 1994 ilitoka Walt ameshafariki zaidi ya miaka 27, watengenezaji walikuja Kenya kuchora, wakabeba majina yetu, Simba, Rafiki, Pumbaa. Kampuni ikasajili "hakuna matata" Marekani kama alama ya biashara kwa nguo, usajili ukatoka 2003. Hiyo inahusu kuuza fulana huko, hakuna anayekuzuia kuzungumza, na msemo ulishazunguka dunia kwenye wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa wa 1982. Kule Florida kuna kijiji cha kuigiza kinaitwa Harambe, kuta zake zimefuata sura ya Lamu. Mimi hilo linaniuma kuliko fulana, kwa sababu mtoto wa kule ameuona mtaa wetu kwa tiketi kabla mtoto wa Morogoro hajapata nauli ya kufika Lamu. Kwa hiyo hamu yako naielewa sana, sitaki uizime.

Ila ekari tatu za marehemu usiziweke rehani sasa. Nakwambia kama kaka. Bustani inakula hela kila siku, mvua inanyesha Machi mpaka Mei hakuna watu na riba ya benki haisubiri jua. Wahusika wako bado hawajulikani na mtoto hata wa kata ya jirani. Njia ya pili ni ndefu na haina sherehe: toa vipande vifupi vya dakika moja moja, mhusika mmoja tu, kwa mwaka mzima, uza vitabu vya kupaka rangi kwenye shule za chekechea, angalia kama kuna mtoto anamuita mhusika wako kwa jina bila wewe kuwepo. Hiyo nayo ina maumivu, utahitaji kazi ya pembeni na kuna miezi utaona unapoteza muda. Njia ya katikati ni kutumia shamba bila kulifunga: siku za sikukuu tu, mabembea, turubai, uonyeshe katuni zako kwa projekta usiku, kiingilio kidogo, uhesabu vichwa. Mimi ningeanza na hiyo Idi au Krismasi inayokuja, ukiwapata watu mia mbili mara tatu mfululizo utakuwa na namba ya kuionyesha benki.

Kuna mahali mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi, lazima uende kwa miguu. Ofisi ya ardhi ya halmashauri, ukaangalie hati ina jina la nani, maana urithi usiokamilika unaleta kesi na ndugu. Wakili, kabla hujasaini chochote cha mkopo au cha mtu anayekuja na "dili la ubia", uende na karatasi zote mkononi. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa michoro yako na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa jina la mhusika, kabla hujamuonyesha mwekezaji yeyote, kumbuka sungura wa Walt alikopotelea. Na kama usingizi umekukimbia wiki nyingi, huli vizuri, kifua kinabana ukifikiria hela, hilo nalo lina daktari wake, nenda hospitali ukaongee na mtu ana kwa ana, msiba wa mzazi na deni kwenye kichwa kimoja ni mzigo mkubwa.

Ukishamaliza hayo, nichoree lile gunia. Fremu 24, sekunde moja, limekaa chini linaamka. Usiliwekee macho. Andika tarehe nyuma ya kila karatasi, alafu nitumie.